Kamba ya nanga: mita ngapi zinatosha?

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo lile lile kwa sura tofauti, urefu wa kamba ya nanga. Nimechagua chache, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ukiielewa hiyo zilizobaki zinakuwa rahisi.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina boti ya fiber ya mita 7. Juzi tulitia nanga saa kumi na mbili jioni maji yakiwa yamekupwa, mashine ya kupima kina inasoma mita 4, nikaachia kamba mita 15 na nikaona hapo nimezidisha kabisa maana aliyeniuzia nanga alisema mara tatu ya kina inatosha. Baada ya saa moja nikakagua, boti imetulia, tukalala. Saa sita usiku mdogo wangu ananiamsha tuko karibu na mwamba, nanga inakokota tu chini. Nanga ni ya kilo 10, mpya. Ninunue nzito zaidi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na mshukuru sana huyo mdogo wako. Usinunue nanga nyingine kwanza. Nanga yako haina kosa, kosa liko kwenye hesabu na tena siyo kosa lako peke yako, watu wengi sana wanapewa hiyo "mara tatu ya kina" bila kuambiwa kina gani.

Anza na nanga yenyewe inavyofanya kazi. Nanga haishiki boti kwa uzito wake, kilo 10 haziwezi kushika boti ya tani mbili kwenye upepo. Inashika kwa kuzama kwenye mchanga au tope, na ili izame mkono wake mrefu lazima uwe umelala chini na uvutwe kwa ubavu, yani kamba ivute kufuata sakafu ya bahari. Hapo ncha inachimba, na kadiri boti inavyovuta ndo inazidi kwenda chini. Sasa kamba ikivuta kwenda juu mkono unanyanyuka, ncha inalegea, nanga inatoka. Na wewe mwenyewe unalijua hili, maana ukitaka kung'oa nanga unafanyaje? Unasogeza boti mpaka iwe juu yake kabisa alafu unavuta wima. Kamba fupi inaifanyia nanga jambo hilo hilo usiku kucha, kidogo kidogo, kila wimbi likiinua omo, yani sehemu ya mbele ya boti.

Kwa hiyo tunachotafuta siyo urefu kwa ajili ya urefu, tunatafuta kamba ilale. Na ulalo wake unatokana na urefu wa kamba ukigawanya kwa ule wima wote kuanzia pale kamba inapotokea kwenye omo mpaka chini kwenye sakafu. Siyo kina cha maji peke yake, na siyo kina cha saa uliyotia nanga.

Tufanye ya kwako. Mashine imesoma mita 4. Lakini sensa yake iko chini ya boti, tuseme sentimita 40 chini ya uso wa maji, na kama hukuiseti iongeze hizo basi kina halisi ni mita 4.4 (chukua uzi na kipande cha risasi siku moja maji yakiwa shwari ulinganishe, utajua mashine yako inapima kutoka wapi). Alafu kuna urefu wa omo juu ya maji, kwa boti ya mita 7 tuchukulie mita moja. Hapo tayari ni 5.4. Sasa ulitia nanga maji yamekupwa, yatajaa. Hukuniandikia huko kwenu yanapanda kiasi gani kwa hiyo nachukua mita 2 na nusu kwa mfano, jumla inakuwa 7.9, weka 8.

Ona sasa. Jioni mita zako 15 kwa wima wa 5.4 zilikuwa kama mara 2.8, karibu na zile tatu ulizoambiwa. Saa sita usiku kamba ni ile ile ila wima umekuwa 8, kwa hiyo unabaki na mara 1.9. Kamba iliyokazwa hapo inavuta kwa pembe ya digrii 32 hivi kwenda juu. Hakuna nanga ya kupenda kazi hiyo, hata uweke ya kilo 20.

Na kuna kitu kimoja kilikudanganya, ule ukaguzi wa baada ya saa moja. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kumi na mbili: ukigawanya kupanda kote mafungu 12, saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo ulipokagua saa moja usiku maji yalikuwa yameongezeka kama sentimita 20 tu, kila kitu kinaonekana safi, alafu kati ya saa mbili na saa nne usiku yakaja mita moja na robo kwa mkupuo na wewe umelala. Kanuni hii ni ya kukadiria, mahali penye mkondo mwembamba au mdomo wa mto maji yana tabia yake, lakini kwa pwani nyingi inakupa picha ya kutosha.

Basi ungeweka ngapi? Kama ni kamba yenye kipande cha mnyororo mbele na unalala hapo usiku, mara 7 ya wima wote maji yakiwa yamejaa, yani 8 mara 7, mita 56. Kama ni mnyororo mtupu mpaka juu, mara 5 inatosha kwa hali ya kawaida, mita 40. Mara 3 iache kwa ajili ya kusimama kula mchana, upepo mwanana, mtu yupo macho na injini ipo tayari, na hata hapo ni mara 3 ya wima wote, siyo ya kina ulichosoma. Upepo ukichafuka sana na nafasi ipo, nenda mpaka 10.

Zaidi ya 10 faida inakuwa ndogo na hii utaiona ukipiga pembe zenyewe kwa kamba iliyonyooka: mara 3 ni digrii 19 na nusu, mara 5 ni 11 na nusu, mara 7 ni kama 8, mara 10 ni karibu 6. Kutoka 3 kwenda 5 umepunguza digrii 8 kwa kamba kidogo tu, kutoka 7 kwenda 10 umemwaga kamba nyingi ukapata mbili na kitu. Mtu akiniomba nimpe ushauri mmoja tu namwambia asilale na chini ya 5 hata kama maji ni kama kioo, maana upepo wa saa nane usiku haujamuahidi kitu.

Jambo la mwisho kwako. Angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanajaa zaidi na kupwa zaidi, kwa hiyo pale ulipolala salama wiki iliyopita kwa kamba ile ile wiki hii hapatoshi. Ukiwa na jedwali la maji litumie, usipokuwa nalo tazama nguzo na miamba ya karibu, pale madoa meusi na chaza wadogo wanapoishia ndo maji huwa yanafika mara kwa mara, pima kwa macho kutoka uso wa maji mpaka pale. Na hesabu ya kupwa pia ifanye, maana boti iliyotia nanga maji yamejaa inaweza kukaa chini kabla ya alfajiri.

SWALI: Habari za kazi dada. Nimeona boti kubwa zote zina mnyororo mtupu, zangu ni kamba tu ya manjano ile inayoelea. Mnyororo una faida gani hasa, na mimi wa boti ndogo bila winchi niweke kiasi gani?

JIBU: Nzuri kaka. Niseme kwanza la hiyo kamba ya manjano kwa sababu linanitia wasiwasi: kamba inayoelea usiifanye ya nanga. Boti ikilegea upepo ukitulia, kamba inapanda juu ya maji inaserereka pembeni, mwenzako anapita na propela anaizoa, au wewe mwenyewe unaizoa. Alafu aina ile jua linaila, ukiikunja ukaona inatoa vumbi na nyuzi zinakatika kama majani makavu ujue imeshakufa. Kamba ya nanga iwe nailoni. Nailoni inazama, na la muhimu zaidi inavutika, boti ikirushwa na wimbi kamba inarefuka kidogo inameza ule mshtuko badala ya kuupeleka wote kwenye nanga na kwenye kitako, pale kamba inapofungwa kwenye boti. Poliesta ni ngumu na inadumu lakini haivutiki sana, ifae kwa kazi nyingine.

Mnyororo una kazi mbili. Ya kwanza ni uzito, mnyororo wa milimita 8 una kama kilo 1.4 kwa mita moja, wa 10 unakaribia kilo 2.3, kwa hiyo mita 10 za ule wa 8 ni kilo 14 zimelala chini zinaushikilia mkono wa nanga usinyanyuke. Kamba inashuka kwa kujipinda, boti ikivuta inabidi kwanza inyanyue huo uzito. Ndo maana wenye mnyororo mtupu wanapunguziwa kutoka 7 mpaka 5. Ya pili ni kuchubuka: kwenye mawe, magamba na vyuma vilivyozama nailoni inakatwa usiku mmoja, mnyororo haukatwi.

Ila usiuamini uzito kupita kiasi. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake, upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Ule wa kilomita 25 kwa saa ukifika 50 boti yako inavuta mara nne, na hapo mnyororo wote unanyanyuka chini unanyooka kama fito, uzito hauna maana tena na mnyororo hauvutiki hata kidogo, kila wimbi linagonga. Wenye mnyororo mtupu wanatakiwa wafunge kipande cha nailoni cha mita kadhaa, upande mmoja kwenye mnyororo kwa ndoano au fundo na mwingine kwenye kitako, alafu waachie mnyororo ulegee kidogo katikati ili nailoni ndo ibebe. Hiyo inaokoa na winchi pia, winchi ni ya kuvutia, haikutengenezwa kushikilia boti usiku.

Kwako wewe bila winchi, mnyororo usipungue urefu wa boti yako, ukiweza kuongeza mita chache ongeza, alafu nailoni. Unene wa nailoni kwa boti mpaka mita 8 hivi ni milimita 10, lakini mimi ningekushauri 12 hata kama boti ni ndogo, sababu ni mikono, milimita 10 ikiwa imeloa na boti inavuta inakata viganja. Shakeli, ile pete ya chuma yenye pini ya kuunganisha, ifungwe kwa waya, pini isijifungue yenyewe, na pale kamba inapopita kwenye ukingo wa boti ivalishe kipande cha mpira wa bomba la maji au kitambaa kizito. Asubuhi pashike pale, kama pamechubuka sogeza kamba mita moja ili pasikae palepale kesho.

SWALI: Mara 7 ninazijua ila nashindwa kuzitumia. Ninapolala boti zimejaa, nikiachia mita 50 nazunguka nagonga watu. Wenzangu wanatia fupi na kulala. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, wenzako wanalala kwa sababu upepo haujawaamsha bado.

Piga hesabu ya duara lako. Boti inazunguka nanga, na upana wa kutoka nanga mpaka tezi, yani nyuma ya boti, ni karibu sawa na urefu wa kamba uliyoachia ukijumlisha urefu wa boti. Kamba mita 50 na boti mita 7, unahitaji mita 57 kila upande. Inaonekana kubwa na ni kubwa kweli, kwa hiyo hesabu ile ifanyike kabla hujatupa nanga. Ukisogea sehemu yenye maji machache zaidi, ilimradi ukupwaji usikuketishe, unapunguza kila kitu kwa mkupuo: wima ukitoka 8 ukawa 5, mara 7 ni mita 35 tu. Watu wengi wanakimbilia kati kwenye maji marefu wakiona ndo usalama kumbe wanajiongezea kamba na duara.

La pili, uliza. Ukifika mpigie kelele jirani, umeachia ngapi na ni mnyororo au kamba? Wala siyo aibu. Boti zilizoachia sawa na za aina moja zinazunguka pamoja kama kundi, kwa hiyo maduara yanaweza kuingiliana bila kugongana. Shida inakuja ukiwa wewe una kamba mita 50 na yule ana mnyororo mita 25, upepo mwepesi ukigeuka mnyororo wake unabaki umelala chini yeye hasogei, wewe kamba yako nyepesi inakuleta mpaka mlangoni kwake. Aliyetangulia ndo mwenye mahali, aliyekuja baadaye ndo anahama, huo ni ustaarabu wa baharini popote.

Kufunga omo na tezi kwa nanga mbili kunazuia kuzunguka, ni kweli, lakini kunafaa tu mahali penye upepo na mkondo wa njia moja, mfano kwenye mto mwembamba. Upepo ukija wa ubavu boti iliyofungwa pande mbili inabeba mzigo mkubwa mno. Na tafadhali sana, msomaji yeyote mwenye boti ndogo, usitie nanga kwa tezi peke yake. Tezi ni fupi, ina injini, wimbi likija linaingia ndani na boti inajaa kabla hujafungua fundo.

Pasipopatikana nafasi, ondoka. Najua inauma ukiwa umechoka.

SWALI: Usiku sioni alama kwenye kamba, rangi zote zimefutika. Kuna njia nyingine ya kujua nimetoa mita ngapi?

JIBU: Alama za kushika. Kwa kila mita 5 au 10 shona uzi mnene wa kushonea tanga ukiuzungusha kwenye kamba, duara moja kwa mita 10, mawili kwa 20, matatu kwa 30. Zikipita kwenye vidole unahesabu hata macho yakiwa yamefumba. Kwenye mnyororo funga vibano vya plastiki kwenye pete, idadi hivyo hivyo, vikikatika vichache vingine vinabaki. Usipige mafundo kwenye kamba kama alama, fundo linapunguza nguvu ya kamba vibaya sana na linakwama kwenye kapi. Pima kamba ikiwa imenyooshwa nchi kavu kwa futi ya kamba. Kupima kwa pima za mikono ni sawa kwa haraka lakini mikono yako na yangu haifanani.

Na ukiachia usimwage yote pamoja. Nanga ishuke mpaka iguse, boti irudi nyuma taratibu, unaachia kamba inavyoombwa, ukifika nusu ishike kidogo ili nanga igeuke na kulala, endelea mpaka mwisho, funga, alafu rivasi polepole ukiongeza. Weka mkono kwenye kamba. Nanga iliyoshika unaisikia, kamba inakaza na kutulia. Inayokokota inatetemeka na kurukaruka mkononi, hasa kwenye mawe. Chagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mti na paa la nyumba nyuma yake mfano, vikiachana wakati rivasi inavuta basi bado hujashika, anza upya. Na kama chini unaona matumbawe, sogea utafute mchanga, nanga inayavunja na yanachukua miaka mingi mno kukua, na mnyororo ukizunguka juu yake unafagia kila kitu.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana nina boti ya futi 16 ya kuvulia, silali baharini, natoka asubuhi narudi mchana. Nanunua kamba mita ngapi jumla? Nyumbani wanasema 30 zinatosha maana tunavua kwenye mita 6.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mita 6 za maji, omo nusu mita, maji yanapanda mita 2, wima ni 8 na nusu, kwa mara 5 tu ni mita 42 na nusu. Kwa hiyo 30 hazitoshi hata hapo mnapovua. Lakini mimi nakuangalia kwa upande mwingine. Wewe una injini moja. Siku itakapozimika upepo unakusukuma kwenye miamba, nanga ndo breki uliyonayo, na itazimika popote, haitasubiri mfike kwenye mita 6. Chukua sehemu ya kina kirefu zaidi unayopita karibu na hatari, ndiyo upigie hesabu. Kama unapita kwenye mita 12 kando ya miamba, wima ni 14 na nusu, kwa mara 5 unahitaji mita 72 na nusu, kwa hiyo nunua nailoni mita 80 na mnyororo mita 5 au 6. Kamba iliyobaki kwenye ndoo haikudhuru kitu, ile isiyokuwepo huwezi kuipata huko nje.

Iweke tayari, isiwe chini ya nyavu na madumu. Ipange kwenye ndoo kwa kuimwaga yenyewe kutoka mwisho mmoja, usiiviringe kwa mkono maana itatoka na vifundo. Na kabla ya yote, ule mwisho wa ndani ufunge kwenye boti, watu wameangalia kamba yote ikienda majini na nanga yake. Ufunge kwa kamba nyembamba imara iliyozungushwa mara kadhaa, ndefu kiasi cha kufika juu, na kisu kikae karibu yake, ili ikibidi kuondoka kwa haraka unaikata hapo, unafunga boya kwenye mwisho ule na unarudi kuchukua nanga yako bahari ikitulia.